Mzee Niliyembeba Mgongoni

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Miezi kumi na siku nne tangu nitoke Wundanyi. Gogo la tano limekwisha. Mkaratusi mbichi, mzito, unabana msumeno kila hatua tatu. Asubuhi nilisimama juu ya gogo lililolazwa kwenye mdomo wa shimo, mchana nikashuka shimoni. Ndio mpango wetu mimi na Mokaya. Wa juu anafuata mstari wa masizi tuliouchora, wa chini anavuta na kula vumbi. Mchana tunabadilishana ili asiwepo wa kulalamika.

Macho yananiwasha. Bega la kulia limevimba.

Mokaya hakuwahi kushika msumeno wa shimo kabla yangu. Nilimfundisha mwenyewe. Sasa anavuta vizuri kuliko watu niliofanya nao kazi kwetu Taita. Kila akivuta anasema "eh", taratibu, siku nzima. Bila hiyo "eh" yake sijui ningehesabu vipi.

Jioni tulioga mtoni pamoja, uchi, tukisuguana migongo kwa majani. Vumbi la mkaratusi halitoki kwa maji peke yake. Aliniita mzee kwa sababu ya mvi zangu mbili. Nikamwambia yeye ana kitambi cha mwanamke. Tulicheka hadi wanawake waliokuwa wakiteka maji juu wakatukemea.

Naandika ili mkono usisahau. Niliachia shule standadi ya nne.

Jumanne, 7 Agosti

Mzee Rajabu alikuja shimoni kutoka mjini. Yeye ndiye mwenye duka la mbao Kisii na ndiye aliyenileta huku. Mbao zote hizi ni za shule inayojengwa Nyamira. Alipitisha kidole kwenye ubao, akautazama kwa jicho moja, akasema, "Umenyooka." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Alituambia wiki ijayo kutakuwa na siku tatu za muziki mjini, Alhamisi hadi Jumamosi. Kwaya za shule, bendi ya polisi, ngoma za wanawake. Mzee Ombati ameombwa apige obokano. Huyo ni baba yake Mokaya. Obokano ni zeze lao kubwa, nyuzi nane za kano za ng'ombe, tumbo pana kama karai. Mzee anasifika nalo hadi Mosocho. Jua likizama husikika kutoka nyumba yake ya juu, nami hulala kitandani nikisikiliza.

Baada ya kusikia mwaliko wa baba yake, Mokaya alivuta msumeno kwa nguvu mno jioni yote.

Jumatano, 8 Agosti

Leo nimefanya jambo jema.

Mokaya alikwenda mjini kutafuta tupa ya kunolea msumeno. Kerubo, mkewe, alikwenda sokoni Nyakoe na watoto. Aliniomba nikae nyumbani kwao niangalie moto, kwa sababu kibanda changu kinavuja na mawingu yalikuwa meusi. Saa tisa mvua ya mawe ikaanguka. Sijaona mawe makubwa namna ile. Yalirarua migomba.

Nikamwona Mzee Ombati amesimama chini ya ghala la wimbi, kajibanza, anatetemeka. Alikuwa akitoka kuwatazama ng'ombe. Mvua ilimfikia pale pale. Nikamwita. Akatikisa kichwa. Nikamwita tena, akaonyesha kwa mkono kwamba niende zangu. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni, jiwe limempiga.

Nilitoka mbio. Akasema, "Tiga! Tiga!" Najua maana yake, niache. Wazee wote husema niache. Baba yangu pia husema hivyo, halafu hushukuru. Nikageuka, nikamvuta mikono mabegani kwangu, nikambeba mgongoni. Mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Niliinama mlangoni tusigonge kichwa chake. Nikamtua juu ya ngozi karibu na moto, nikamfunika blanketi la Mokaya.

Alitazama majivu muda wote. Mvua ilipokatika akainuka akaondoka bila kuaga. Nadhani alikuwa na baridi bado.

Nimefurahi. Miezi kumi napewa chakula na watu hawa. Leo nami nimewapa kitu.

Alhamisi, 9 Agosti

Mokaya hakuja shimoni. Nilingoja hadi jua la utosini. Nikarudi.

Nyumba yake ni baridi. Hakuna moto, vyungu vimetolewa nje. Kerubo alikuwa akipikia watoto kwenye nyumba ya shemeji yake. Nilimsalimu, akajibu huku akitazama chini. Mokaya nilimwona kwa mbali, ameketi juu ya jiwe amenipa mgongo. Nilimwita. Hakugeuka.

Nimekosa nini?

Ijumaa, 10 Agosti

Sasa najua.

Kerubo alikuja, akasimama upande wa pili wa ua wa miti, hakuvuka. Aliniita kama anavyoniita siku zote, kwa jina la binti yangu.

"Baba Wawuda, wewe uliingiza mzee kwa nyumba?"

Nikasema ndiyo, mvua ya mawe ilikuwa inamuua.

"Baba haingiangi nyumba ya kijana yake ameoa. Hata mvua. Hata moto. Hata kijana akufe ndani, baba anasimama nje." Akajifunika mdomo kwa khanga. "Na wewe ukamlaza karibu na kitanda yetu. Ukamfunika blanketi yetu."

Kwetu baba anaingia kwangu anapotaka, anakaa kwenye kiti changu, anakula chungu changu. Kwetu tunayemkwepa ni mama mkwe. Nikajaribu kufikiri ingekuwaje kama mgeni angembeba mama mkwe wangu mgongoni na kumlaza kitandani kwangu. Nikaelewa. Nikaona haya mbele ya ua wa miti.

Kerubo alisema wao hawawezi kulala ndani hadi wazee waseme itakuwaje. Mokaya hana hasira na mimi, alisema. Ana aibu. Hawezi kumtazama baba yake, na mimi ndiye niliyemtia katika aibu hiyo, kwa hiyo hawezi kunitazama mimi pia.

Afadhali angekuwa na hasira. Hasira naijua.

Nimetazama nilichoandika Jumatano. "Leo nimefanya jambo jema." Nilitaka kuuchana ukurasa. Nimeuacha. Ni kweli nilifikiri hivyo.

Jumapili, 12 Agosti

Wazee wanne walikaa juu ya nyasi nje ya nyumba ya Mzee Ombati. Waliniita. Mokaya alitafsiri akiwa amegeuza uso pembeni, kwa sauti kama ya karani anayesoma barua ya mtu mwingine. Waliniuliza mambo yale yale mara tatu. Nilimwita mzee mara ngapi? Alikataa? Nilimwingiza kwa mlango upi? Nikasema kweli yote. Waliniambia niende.

Nilikaa kibandani nikiwasikia wakibishana. Mmoja anapaza sauti, mwingine anapiga fimbo chini. Walianza asubuhi na hadi alasiri hawajakubaliana. Baadaye Kerubo alinieleza: wawili wanasema lazima lifanywe tambiko kubwa la kuitakasa nyumba. Mmoja anasema mgeni hahesabiwi. Wa nne alilala.

Wametawanyika bila uamuzi.

Mzee Ombati hakutoka ndani. Tangu Jumatano obokano haijalia. Kerubo anasema mzee ameigeuza uso ukutani na amesema haigusi tena. Kwenye muziki wa mjini hataenda.

Nimemnyang'anya mzee muziki wake. Hilo ndilo linalonikaa kooni kuliko yote.

Jumanne, 14 Agosti

Mzee Rajabu aliniletea mtu mwingine wa kuvuta naye. Mwanamume mkubwa, kifua kama pipa. Hana kipimo. Anavuta akitaka, anaacha akitaka, anakohoa katikati. Nikiwa juu msumeno unakimbia mstari. Nikiwa chini ananisukumia meno usoni. Ubao mmoja umetoka mnene upande huu na mwembamba kule, kama kipande cha mkate kilichokatwa na mlevi.

Mzee Rajabu alikuja alasiri. Akautazama ubao kwa jicho moja. Safari hii akalifumba na la pili.

"Mghanga, hii ni mbao au ni nyoka?"

Nikaendelea kupangusa msumeno.

"Nyamira wananingojea. Nakupa hadi Jumatatu. Mwenzako akirudi, sawa, mtaendelea. Asiporudi, wapo watu wawili Kisumu wanajuana mkono, nitawaleta na shimo watalichukua wao. Wewe utanisamehe. Sina ugomvi na wewe."

Yeye ni mtu wa haki. Ndiyo maana inauma.

Kwa hiyo Jumatatu. Kama Mokaya hatashika ncha ya pili ya msumeno, nafunga mzigo. Kurudi kwetu natamani kila siku, lakini si hivi. Si kama mtu aliyefukuzwa, ameacha kazi nusu na nyumba ya watu imezimwa moto nyuma yake.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimevuta na yule pipa. Mbao mbili mbaya, moja nafuu.

Nimeoga peke yangu. Mgongo sikuufikia.

Nimechoka na huku. Nimechoka na ndizi, na ukungu, na lugha nisiyoielewa ikiongea juu yangu. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 17 Agosti

Leo nilipita karibu na Mokaya njiani. Alikuwa amebeba kuni. Tulisimama wote wawili. Akahamishia kuni bega la pili. Akapita. Nilitamani anipige.

Kesho kazi ni nusu siku. Nitakwenda mjini kwenye muziki. Huenda ni Jumamosi yangu ya mwisho huku. Sitaingia ndani ya ukumbi, kuna tikiti. Nitaona ya bure.

Jumamosi, 18 Agosti

Nitaandika yote, hata mkono ukifa ganzi.

Niliondoka shimoni saa sita, nikanawa uso, nikavaa shati langu moja zuri. Nilipita Kiogoro kwa miguu. Njia nzima watu wanakwenda upande mmoja, wanawake wamebeba watoto na miwa.

Ukumbini walikuwa wamepanga viti. Maofisa, walimu na wake zao, wafanyabiashara wenye makoti. Askari mlangoni anakusanya tikiti. Lakini nje, kwenye uwanja wa nyasi, kila kitu bure, na nje ndiko kulikokuwa na watu. Sikuwa na haraka. Nilinunua hindi la kuchoma nikazunguka.

Karibu na mlingoti wa bendera bendi ya polisi ilikuwa ikipiga tarumbeta, jua limewaka juu ya shaba hadi huwezi kutazama. Upande wa maduka vijana wa mtaa wa Waislamu walikuwa wamekaa mstari na madufu yao, kanzu nyeupe, wanayumba pamoja kushoto na kulia. Nilimwona Mzee Rajabu kati ya wazazi, kofia mpya, anayumba nao bila kujijua. Hakuniona. Wanawake wa Kisii walicheza ribina hadi ardhi ikatoa vumbi. Bibi mmoja mnene kuliko wote alikuwa mwepesi kuliko wote.

Nyuma ya ukumbi kwaya za shule zilikuwa zikingoja zamu, zinafanya mazoezi zikitazama ukuta. Kwaya moja iliimba mstari ule ule mara tisa. Mwalimu wao, viatu vyeupe, kila mara anapiga kofi na kusema, "Sauti ya tatu, mnalala!" Mara ya kumi nilikuwa nimeujua mstari wenyewe. Nikaimba sauti ya tatu kimoyomoyo. Nadhani nilikuwa sawa.

Kwa siku kumi kifua changu kilikuwa kimefungwa kamba. Pale kamba ililegea kidogo. Hakuna aliyenijua. Hakuna aliyenitaka kitu. Nikapata mahali penye kivuli cha jengo, nikaketi kwenye nyasi. Kando yangu alikuwa tarishi mmoja wa ofisi za serikali, sare ya kaki, mwavuli mkubwa mweusi ameuchomeka ardhini. Alinikaribisha kwenye kivuli cha mwavuli kama kiti cha nyumbani kwake. Nikalala. Ndiyo, nililala, bendi ya polisi ikipiga hatua ishirini kutoka kichwani kwangu.

Niliamshwa na ardhi. Sikio langu lilikuwa chini na kitu kilikuwa kikinguruma ndani ya udongo, polepole, kama dume la ng'ombe linalolalamika ng'ambo ya mlima. Nilikijua kabla sijafungua macho.

Mzee Ombati. Ameketi kwenye kigoda katikati ya duara la watu, obokano kati ya magoti yake, sikio limefungwa kitambaa cheupe. Hakuwa ndani ya ukumbi walikomwalika. Alikuwa nje, kwenye ya bure.

Nilijificha nyuma ya mwavuli. Kweli kabisa, mwanamume mzima.

Akaanza kuimba. Watu wakatulia. Kisha wakaanza kucheka, kwanza wachache, kisha wote. Tarishi alikuwa akijipiga mapaja.

"Anaimba nini?" nikamuuliza.

"Wacha, bwana! Huyu mzee ni mkora. Anasema mvua ya mawe ilimshika chini ya ghala, mgeni mmoja akatoka ndani ya nyumba akambeba kama kifaranga."

"Mgeni wa wapi?"

"Mtaita, anasema. Si hao wanakaa huko chini kwa reli? Hao watu hawajui kitu." Akasikiliza, akashika kichwa. "Mungu wangu! Alimwingiza kwa nyumba ya kijana yake! Ya kijana yake, bwana! Huyo Mtaita ni ng'ombe kabisa."

Nikasema labda hakujua.

"Ng'ombe pia hajui."

Mzee alipiga nyuzi za chini mara tatu, akanyamaza, akawauliza watu kitu. Uwanja mzima ukajibu kwa sauti moja. Tarishi alitafsiri huku akifuta machozi. Mzee ameuliza, mguu wa nani ulivuka kizingiti? Watu wamejibu, wa Mtaita. Akauliza tena, mguu wangu uligusa mlango? Wakajibu, haukugusa. Je, mtu aliyebebwa ameingia, au ameingizwa? Mtoto mgongoni akipitishwa sokoni, mnasema amekwenda sokoni? Kibuyu kikibebwa, mnasema kibuyu kimetembea?

Hapo mzee mmoja kwenye umati alisimama na fimbo yake. Nilimtambua, ni yule aliyekuwa akipiga fimbo chini Jumapili. Alipaza sauti.

"Anamwuliza, na kutoka je?" alisema tarishi. "Hakutoka kwa miguu yake?"

Uwanja ukanyamaza. Ni kweli, alitoka kwa miguu yake. Mimi mwenyewe niliwaambia.

Mzee Ombati hakuharakisha. Alikaza uzi mmoja. Akaujaribu. Akaukaza tena. Halafu akaimba maneno machache tu, kwa upole, na watu wakaangukiana. Yule mwenye fimbo alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaketi akitikisika mabega.

Tarishi aliuegemea mwavuli, pumzi zimemwishia kwa kicheko. "Anasema... anasema aliyekatazwa ni kuingia. Kutoka hakuna aliyemkataza. Au walitaka akae huko ndani hadi leo?"

Kisha wimbo ukabadilika, ukapungua. Watu wakaacha kucheka wakasikiliza. Mzee aliuliza, tarishi akininong'onezea, ni nani hubeba mzee mgongoni? Mwana hawezi, kuna aibu kati yao. Mkwe hawezi. Anayembeba babu ni mjukuu, kwa sababu kati ya babu na mjukuu hakuna aibu, wanaitana majina, wanataniana, wanaibiana chakula. Basi yule aliyenibeba si mgeni. Ni omochokoro wangu. Ni mjukuu. Alirudia neno hilo mara nyingi, omochokoro, na kila mara uzi mzito ulijibu chini ya miguu yetu.

"Sasa huyo Mtaita ana bahati," alisema tarishi. "Akijitokeza hapa leo atakula na kunywa bure."

Ningemwambia ni mimi. Badala yake nikazidi kujikunyata nyuma ya mwavuli wake.

Nikahisi mtu amesimama juu yetu. Mokaya. Alikuwa ng'ambo ya duara muda wote. Macho yake mekundu, sijui ni ya kucheka au ya nini.

"Mtaita," alisema. "Msumeno uko wapi?"

"Shimoni. Nimeupaka mafuta."

"Yule mtu mkubwa ameharibu meno?"

"Mawili."

"Jumatatu asubuhi wewe juu." Akageuka akaenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarishi alinitazama mimi, akamtazama Mokaya akienda, akanitazama tena. Polepole akafunga mwavuli wake. Halafu akaufungua, akanifunika vizuri zaidi, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Hiyo ng'ombe, nilikuwa nasema ya wimbo."

Nimerudi njia nzima bila kuhisi miguu. Mwili wangu wote ni mwepesi. Sikucheza, sikunywa, sikushangilia. Nimekaa tu kwenye nyasi alasiri nzima, na nimerudi mtu mwingine.

Jumapili, 19 Agosti

Kerubo amewasha moto ndani ya nyumba yake. Nimeuona moshi ukitoka kwenye paa asubuhi. Nilisimama nikautazama kama mtoto.

Wazee wanne walikuja tena kwa Mzee Ombati. Hawakubishana. Mokaya ananiambia baba yake alijua watakavyofanya. Angewaambia maneno yale nyumbani, wangeyapinga hadi mwezi uandame. Kwa hiyo aliyapeleka mahali ambapo mji wote utacheka kwanza. Baada ya hapo mzee gani atasimama aseme jambo ni zito? Pombe ya wimbi waliitaka hata hivyo, wakapewa.

Ndani ya ukumbi wangemsikiliza kimya na kumpigia makofi. Kwa hiyo aliutaka uwanja.

Jumatatu, 20 Agosti

"Eh." "Eh." "Eh." Siku nzima.

Mzee Rajabu alifika, akatazama ubao, jicho moja. "Umenyooka." Hakuuliza kitu. Ila wakati wa kuondoka alisema, "Mjukuu wa watu, fanya kazi," na mabega yake yalikuwa yakicheka. Kumbe alisikia wimbo.

Jioni nilichukua majani yangu nikateremka mtoni. Mokaya hakuteremka nami. Alisimama kwenye njia, anakwaruza kichwa.

Kama mimi ni mjukuu wa baba yake, basi mimi ni mwana wake. Mokaya, mdogo wangu kwa miaka mitatu, ni baba yangu. Na baba na mwana hawaogi pamoja.

Tulitazamana. Nilicheka, yeye hakucheka. Halafu na mimi nikaacha.

Amekwenda kuoga juu, nyuma ya kona ya mto.

Jumatano, 22 Agosti

Mvua nyepesi. Gogo la sita limefika nusu.

Asubuhi Mokaya alikuja kuniamsha. Zamani aliingia akanivuta mguu. Leo alisimama nje ya kibanda, umande unamdondokea, akakohoa hadi nikatoka. Hatanii tena kuhusu mvi zangu. Ananiita mwanangu, kwa uso mkavu, na mimi namwita baba. Kerubo akisikia anakimbilia jikoni kucheka.

Mzee Ombati ndiye ananitania sasa. Jana alinikuta naoga akaketi juu ya jiwe, akanisugua mgongo na majani, akisema mambo ambayo Mokaya amekataa kabisa kuyatafsiri.

Nimepoteza rafiki wa kuoga naye, nimepata babu. Nimekubali. Ncha ya pili ya msumeno ina mtu, na moshi unatoka kwenye paa la Kerubo.

Obokano inalia juu sasa hivi. Kutoka mtoni namsikia Mokaya akipiga mluzi wimbo huo huo, akidhani hakuna anayemsikia.

Magogo matatu yamebaki na nusu. Nimeshapiga hesabu ya siku, na Mzee Rajabu amekubali. Nikimaliza napanda lori hadi Kisumu, kisha gari la moshi. Jumamosi, tarehe 20 Oktoba, nitakuwa kwetu. Nikifika nitamwita baba yangu aingie ndani, akae karibu na moto wangu, na nitamfunika blanketi langu.